Kitanda cha Tatu Aleksandria

Mzee Sebastian Kisia hakuvua koti. Jotham Egadwa alimwonyesha msumari nyuma ya mlango, akamsogezea kiti karibu na hita, lakini mgeni alikaa ukingoni kama mtu aliyeacha gari linanguruma barabarani. Theluji iliyoshika viatu vyake iliyeyuka taratibu, ikafanya kidimbwi juu ya zulia ambalo Jotham alikuwa amelipiga brashi asubuhi ileile.

Ofisi hiyo ilikuwa juu ya duka la fundi cherehani, pale Hopkins. Kwao Kenya Jotham alikuwa askari kanzu, Nakuru. Hapa Minnesota alikuwa na leseni ya upelelezi wa kibinafsi, na kazi zake nyingi zilitoka kwa mawakili: mtu anayedai mgongo umevunjika huku Jumamosi anacheza mpira, mume anayeapa yuko zamu ya usiku. Wakenya walimjia mara chache, na walipokuja walikuja na aibu, kama wanaokwenda kwa daktari wa magonjwa fulani.

"Ni habari ya mke wa mtoto wetu," Mzee Sebastian alisema. "Lois. Mama Margaret. Unamfahamu?"

"Tunaonana kanisani."

"Basi unajua ni mjane wa marehemu Silas. Baba yake Silas ni kaka yangu. Mimi nilihamia Migori zamani sana, huyu binti hakuwahi kuniona mpaka juzi nilipokuja kumtembelea."

Habari za Silas Kisia kila Mkenya wa Minnesota alizijua. Alikuwa mpima ardhi, Mmaragoli kama Jotham. Mwaka wa tisini na tatu, miaka mitatu nyuma, alikataa kutia sahihi ramani iliyompa mkubwa mmoja mashamba ya watu, tena akaenda kuyasema hayo mahakamani bila kumung'unya maneno. Wiki ileile gari lake likakutwa ndani ya mto Yala, milango wazi, mwenyewe hayumo. Walitafuta mpaka wakachoka, wakafanya matanga bila maiti. Lois akaja Marekani na binti yake mdogo, akapata kazi ya kutunza wazee kule Plymouth, na kanisa zima likalia naye.

"Sasa anapanga likizo," Mzee alisema. "Misri. Mji wa Aleksandria, kule pwani. Ati makumbusho, ati makaburi ya kale, ati mambo ya utamaduni." Neno hilo la utamaduni alilitoa mdomoni kama mbegu ya chungwa. "Mjane anayeogesha wazungu ghafla ameshikwa na hamu ya utamaduni. Wewe unaamini?"

"Watu huchoka, Mzee. Hupenda kupumzika."

"Kuna mwanamume. Begi lake nimeliona. Lilikuwa wazi juu ya kitanda. Mashati mapya ya kiume, sweta ya kiume, viatu vinavyozidi hivi vyangu. Na anakwenda na mtoto wetu Margaret, kwa mtu ambaye hata jina lake hatulijui. Familia haitaki makuu. Inataka tarehe na hoteli, basi."

"Kwa nini usimwulize mwenyewe?"

"Mimi ni mkwe wake. Kuna mambo mkwe hawezi kumwuliza mke wa mwanawe."

Jibu hilo lilimfurahisha Jotham. Siku hizi watu walikuwa wanavuka bahari na kuacha heshima yao uwanja wa ndege wa Nairobi, kumbe bado wamo wazee wanaojua mipaka. Akachukua kazi. Mzee akamwachia namba ya simu ya moteli moja huko Plymouth, akashuka ngazi haraka kuliko umri wake.

*

Ukitaka kujua nani anasafiri, huendi uwanja wa ndege. Unakwenda kwa Maureen Wambui. Alikuwa na ofisi ya tiketi Brooklyn Park, jirani na saluni, na hakuna Mkenya aliyeondoka Minnesota kwa harusi wala kwa msiba bila kupita mbele ya meza yake.

"Mambo ya wateja mimi siongei," Maureen alisema kesho yake, hata kabla Jotham hajafunga mlango.

"Sawa," Jotham akasema. Akaketi, akavua glavu, akatazama picha za Paris ukutani. Kwa Maureen hukuhitaji kuuliza. Ulihitaji kukaa tu.

"Lakini huyo Lois amenisumbua, wacha tu! Nikamwambia, mama, kama ni beach unataka, ku-drive mpaka Florida ni siku mbili. Akasema hapana, anataka mahali pana bahari na historia. Sawa. Nikampatia Barcelona. Hataki. Nikampatia Naples, bei poa kabisa. Hataki, ati visa ni ngumu. Sasa Jotham, si wewe niambie. Huyu ana makaratasi ya hapa, na huyo mtoto pia. Hiyo visa ngumu ni ya nani?"

"Ulimwuliza?"

"Akajifanya hajasikia. Mwishowe tukafika Aleksandria. Misri wanapeana visa bila maneno mengi. Ame-change tarehe mara mbili, hoteli ndio hata sihesabu. Hii ilikuwa mbali na steshoni ya treni, ile ilikuwa na kelele." Akageuza kompyuta ili Jotham aone. "Hoteli Zahra, mbele ya bahari. Wanaingia tarehe nne Aprili, siku kumi. Rumu ya vitanda vitatu."

"Vitatu? Si anakwenda na Margaret peke yake?"

"Ndio hivyo! Ati mtoto anajirusharusha usiku, anataka nafasi. Jotham, mimi nimelala na dada zangu wanne kwa kitanda kimoja, na tulikuwa tunajirusha." Maureen akacheka mpaka miwani ikamteleza. "Halafu akauliza kama tiketi inaweza kulipiwa hapa, ichukuliwe Kampala. Ati ni ya mtu wa kazini kwake. Hiyo nursing home naijua, wamejaa Waliberia. Huyo wa Kampala ametoka wapi?"

Kazi ilikuwa imekwisha hata chai haijachemka. Jotham akaomba simu, akapiga Plymouth. Iliinuliwa kabla haijalia mara ya pili.

"Sema," ilikuwa sauti ya Mzee Sebastian.

"Habari za mchana, Mzee. Ni Jotham. Ni tarehe nne Aprili, Hoteli Zahra, mbele ya bahari."

"Chumba cha watu wangapi?"

"Watatu."

Jotham alisikia runinga ikiongea nyuma, na mtu mwingine akikohoa.

"Vizuri sana. Kazi yako imekwisha." Simu ikakatwa.

Jotham aliendelea kushika mkono wa simu. Maureen alikuwa anamsimulia habari ya mteja mwingine, naye akiitikia bila kusikia. Miaka yote ya kufuatilia wanaume na wanawake waliotoroka ndoa zao, hakuwahi kupata mteja ambaye hakuuliza swali la pili. Wote huuliza: huyo mtu ni nani? Anaishi wapi? Ni mzuri kunizidi? Mzee huyu alikuja ofisini kwa sababu ya mwanamume fulani, na sasa hakutaka hata jina lake.

Tena, mzee wa Kimaragoli gani anayepokea simu kwa neno "sema", asiitikie hata salamu?

*

Alirudi kusini kwa barabara ya 169, wipa zikisukuma theluji yenye maji. Alijaribu redio, akaizima. Alifungua dirisha kidogo, akalifunga. Kila alipotaka kufikiria kazi ya wakili iliyomngoja mezani, alijikuta amerudi kwenye vile vitanda vitatu.

Tuseme Lois ana mpenzi. Ni mjane, ana haki yake, wala si wa kwanza. Lakini mama aliyelelewa Maragoli hamlazi mpenzi wake chumba kimoja na binti wa miaka kumi. Atachukua vyumba viwili. Atamwacha mtoto kwa marafiki. Atadanganya, atazunguka, atafanya kila linalowezekana, lakini si hilo. Mwanamume anayeweza kulala chumba kile bila mama kuona haya mbele ya mtoto ni mmoja tu, naye ni baba ya mtoto.

Jotham akaingia kituo cha mafuta, akasimama bila kuzima injini.

Gari ndani ya mto, milango wazi, maiti haikuonekana. Mtu asiyeweza kupata visa ya Ulaya. Tiketi ya kuchukuliwa Kampala. Silas Kisia alikuwa hai, na mke wake alikuwa amepanga likizo nzima ya utamaduni ili wakutane nusu ya njia, mahali ambapo mtu kama yeye angeruhusiwa kuingia.

Furaha ilimjia kwanza, na ilikuwa furaha ya kweli. Haikudumu. Nyuma yake ilikuja sauti ya Mzee Sebastian pale ofisini: begi lilikuwa wazi juu ya kitanda.

Juu ya kitanda! Kitanda kiko wapi kama si chumbani? Kwao baba mkwe hapiti mlango wa chumba anacholala mke wa mwanawe, na ndugu zake baba mkwe vilevile. Ni mwiko ambao hata mlevi haukosei. Nyumba ikiwaka moto, mzee atasimama uani apige kelele mpaka majirani waje wamtoe mkwe wake. Awe amehamia Migori, awe amehamia mwezini, jambo hilo haliulizwi wala halisahauliki. Mtu yule aliingia, akasogelea kitanda, akapekua begi, kisha akayasimulia mbele ya Mmaragoli mwenzake bila kupepesa macho. Naye Jotham, askari kanzu mzima, akamsifu moyoni kwa heshima yake!

Hakuwa Kisia. Hakuwa mkwe wa mtu yeyote. Alikuwa ametumwa, na aliyemtuma alikuwa na shaka kwamba yule mpima ardhi hakuzama. Walijua Wakenya wa hapa hawatamwambia mgeni kitu. Walihitaji mtu wa kanisani, mtu anayeaminika.

Akakimbilia simu ya ukutani, akapiga Plymouth. Safari hii alipokea kijana wa mapokezi.

"Bwana huyo ameondoka," alisema. "Wameondoka wote wawili, na masanduku yao."

*

Lois alifungua mlango akiwa bado amevaa sare ya kazi. Sebule ilikuwa nadhifu. Picha za rangi za Aleksandria zilikuwa zimepangwa juu ya meza mahali ambapo mgeni yeyote angeziona, na sasa Jotham alielewa ziliwekwa pale ili kila anayeingia aamini ni likizo tu.

"Karibu, ndugu Jotham. Margaret bado yuko shule. Kaa, nikuwekee chai."

"Sitakaa, Mama Margaret. Mzee Sebastian alipokuja hapa, alikusalimu vipi?"

Lois alikunja uso. "Alinipa mkono. Nilishtuka kidogo, maana wazee wetu hawampi mkono mke wa mwana wao. Nikasema labda ni maisha ya Migori."

"Ulimwacha peke yake?"

"Nilishuka chini kuchukua nguo kwenye mashine. Kwa nini?"

"Aliingia chumbani kwako. Aliliona begi, mashati, viatu, vyote."

Lois alitazama mlango wa chumba chake, halafu akamtazama Jotham. Mikono yake ilianza kukusanya zile picha za mezani, akazipanga, akazipanga tena.

"Vile vitu ni vya kupeleka nyumbani," alisema. "Kwa ndugu zake mare..." Neno likamshinda. Akajaribu tena, likamshinda tena.

"Silas yuko hai," Jotham akasema kwa sauti ya chini. "Yuko Kampala. Sikuulizi. Nakwambia ili ujue kwamba nikiweza kujua mimi, watajua na wao. Yule mzee si ndugu yake. Alikuja kwangu jana akitaka hoteli na tarehe. Nimempa leo mchana."

"Umempa nini?"

"Hoteli. Tarehe. Na kwamba mtakuwa watatu."

Alitegemea kilio. Lois hakulia. Alimjia mpaka wakakaribiana, mwanamke mfupi mwenye harufu ya sabuni ya hospitali, akampiga kifuani kwa ngumi mbili, mara moja tu.

"Miaka mitatu!" alisema. "Miaka mitatu nimekaa kiti cha mbele kanisani watu wakiniombea, na mimi najua ni uongo, naona haya mbele ya Mungu. Margaret amemlilia baba yake mpaka akaacha kumlilia. Sikumwambia. Usiku ananiuliza baba alikuwa anacheka vipi, na mimi simwambii! Nimebeba hili jambo peke yangu, Jotham, na wewe umelimaliza kwa simu moja!"

"Nimekosa, Mama Margaret."

"Umekosa," Lois alisema. "Kweli kabisa, umekosa."

Akazunguka sebule, akaenda dirishani, akarudi. Jotham alibaki amesimama. Alitamani kuketi, lakini hakuona kama bado ana haki ya kiti cha nyumba hiyo.

"Nampigia Maureen," Lois akasema. "Na-cancel kila kitu. Leo hii."

"Hapo ndipo watakapojua."

"Watajua nini?"

"Sasa hivi wana shaka tu. Wameona mashati na kusikia vitanda vitatu. Mashati yanaweza kuwa ya yeyote. Lakini wewe uki-cancel siku ileile mimi nimewapa hoteli, shaka imekwisha. Watakuwa na uhakika kwamba yuko hai, na kwamba umemkinga. Watarudi nyuma, waulize nani alikuwa anasafiri kutoka wapi. Maureen anajua Kampala. Akiulizwa vizuri, ataisema kwa mteja wa kwanza atakayeketi."

Lois alikuwa mwepesi wa kuelewa; Jotham aliona hesabu ikipita usoni mwake, tena aliona ilipofikia mwisho.

"Kwa hiyo niende," alisema.

"Uende. Tarehe ileile, hoteli ileile. Watakuwepo. Watakaa mapokezi na magazeti, watakufuata sokoni. Kitanda cha tatu lazima kilaliwe, na kilaliwe na mtu ambaye hawana haja naye. Mchukue Maureen."

"Maureen? Huyo akijua, Minnesota nzima itajua."

"Hatajua kitu. Mwambie unaogopa kusafiri peke yako. Hayo mashati, mwambie ni ya kupeleka kwa ndugu, akusaidie kuyatuma kutoka huko. Atakuja na kamera, atapiga picha, atarudi kusimulia kila tonge mlilokula. Wale watu watakaa siku kumi wakitazama wanawake wawili na mtoto mmoja wakila samaki. Watarudi kumwambia mkubwa wao kwamba ni mjane aliyekwenda likizo. Hapo ndipo Silas atakapokuwa amekufa kwao kabisa, na mtu aliyekufa hatafutwi."

"Na lini nitamwona?"

Jotham angeweza kutunga jibu la kumfariji, lakini siku hiyo alikuwa amekwisha sema ya kutosha.

Lois akachukua simu. Kampala ilikuwa usiku, na aliyepokea alikuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye ilibidi aende kumgongea mtu chumba cha nyuma. Lois alingoja amesimama, waya wa simu ameuzungusha kidoleni mpaka kidole kikavimba. Jotham akageuka, akatazama nje, maegesho na magari yaliyofunikwa theluji.

"Ni mimi," alisikia nyuma yake. "Sikiliza, usiulize. Usije. Ile tiketi usiichukue, na pale dukani hama kesho. Hapana, mtoto ni mzima. Amekuwa mrefu, ananifika hapa begani." Akahamishia simu sikio la pili. "Sisi tutakwenda. Lazima twende. Wewe usije, Baba Margaret. Nakuomba, usije."

Alisikiliza kwa muda mrefu. Alisema "ndiyo" mara kadhaa, akasema neno moja la Kimaragoli ambalo Jotham alijifanya hakulisikia, akaweka simu chini.

Nje, basi la shule la njano lilikuwa linapinda kona. Lois akajifuta uso kwa mikono miwili, akaiweka sawa sare yake. Akavuta kiti, akaketi mbele ya zile picha za rangi, akazitazama moja moja kama mtu anayeziona kwa mara ya kwanza. Ngome. Nguzo ndefu ya mawe. Bahari.

"Haya, mtoto anapanda ngazi," alisema, "na kwa siku kumi itanibidi nifurahi mbele ya watu. Niambie, Jotham. Huko Aleksandria kuna nini cha kutazama?"